Haki ya Kuandamana kwa Amani Kutetea Maeneo ya Umma Nchini Uganda

Haki ya kuandamana kwa amani kutetea maeneo ya umma ni haki ya raia kukusanyika na wenzake hadharani, bila silaha, ili kupinga kumegwa, kuuzwa, kufungwa au kuharibiwa kwa eneo ambalo ni la watu wote, liwe msitu wa hifadhi, ardhioevu, ufukwe wa ziwa, bustani ya mji, soko au kiwanja cha shule. Ndani yake mna haki mbili ambazo mara nyingi hujadiliwa mbalimbali: haki ya kukusanyika, na haki ya raia juu ya eneo lenyewe. Katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haki hizo mbili zinakutana, na kukutana huko ndiko kunakoyapa maandamano ya aina hii uzito wake.

Tuanze na eneo lenyewe, kwa kuwa ndilo linalosahaulika. Ibara ya 237 inatamka kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, kisha inaagiza kwamba Serikali au serikali ya mtaa ishike kwa amana, kwa niaba ya wananchi, maziwa ya asili, mito, ardhioevu, misitu ya hifadhi, hifadhi za wanyama, mbuga za taifa na ardhi nyingine iliyotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii, na kuvilinda vyote hivyo kwa manufaa ya raia wote. Mshika amana ni kama msimamizi wa mali ya yatima: funguo anazo yeye, lakini siku akiuza shamba atatakiwa kujieleza, na wanaomuuliza ni wenye mali. Kwa hiyo anayesimama barabarani na bango la kutetea msitu anadai hesabu ya kilicho chake, na kumchukulia kama mtu aliyekuja kuomba fadhila ni kuigeuza Katiba kichwa chini.

Hoja hiyo imekwisha kupimwa mahakamani. Mwaka 2004 ACODE, shirika la kiraia la utafiti na utetezi wa mazingira, lilifungua shauri katika Mahakama Kuu kuhusu msitu wa hifadhi wa Butamira, karibu na Jinja, uliokuwa umetolewa kwa kibali kwa kampuni ya sukari ya Kakira. Mahakama iliona kwamba amana ya umma imevunjwa, na ikaeleza kwamba Serikali haina mamlaka ya kuikodisha au kuiondoa ardhi ya namna hiyo mikononi mwa umma. Vibali vinaweza kutolewa, lakini kwa idhini ya Bunge na kwa ridhaa ya wananchi wanaoishi penye hifadhi.

Viwanja na bustani za mijini havikutajwa kwa jina katika orodha ya Ibara ya 237, na hapo ndipo penye udhaifu. Utetezi wake hutegemea zaidi ramani za mipango miji, hati za ardhi na maamuzi ya halmashauri, yaani karatasi ambazo mwananchi wa kawaida hazioni mpaka mambo yameharibika. Aliyekaa Kampala anaijua dalili yake. Usiku nguzo zinachimbiwa, na kunapopambazuka mabati yamekwisha kuzungushwa, mlinzi ameketi langoni juu ya ndoo iliyofudikizwa, na akiulizwa eneo ni la nani anajibu kwamba yeye ameajiriwa jana tu. Mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji au mtaa, naye hana karatasi yoyote. Ikifika siku ambayo wakili ameipata hati na kuomba zuio, zege la msingi limekwisha kumwagwa. Maandamano yana thamani hasa katika muda huo mfupi kati ya mabati na zege, ambapo kelele ya watu huweza kusimamisha kazi kabla mahakama haijaanza kusikiliza.

Lipo pia tatizo ambalo haki nyingine hazina: haki hii huhitaji mahali pa kutumiwa, na mara nyingine mahali penyewe ndipo panapogombewa. Uwanja wa Katiba katikati ya Kampala, jirani na Mahakama Kuu, ulikaliwa na polisi wakati wa maandamano ya mwaka 2011 ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, yaliyopinga kupanda kwa bei ya mafuta na chakula, ukawa haufikiki kwa mwananchi wa kawaida. Kwa maoni yangu, uwanja wa mji ukifungwa kwa namna hiyo, haki mbili zimefungwa kwa kufuli moja.

Upande wa kukusanyika umeelezwa wazi zaidi. Ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kuandamana pamoja na wengine kwa amani na bila silaha, na kuwasilisha malalamiko; Ibara ya 38 inampa raia haki ya kushiriki shughuli za amani zenye lengo la kuathiri sera za Serikali. Mvutano umekuwa juu ya swali moja: je, polisi wanaweza kuyakataza maandamano kabla hayajafanyika? Mwaka 2008, katika shauri la Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichompa Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi, uwezo wa kupiga marufuku mikusanyiko. Bunge likaja na Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya mwaka 2013, ambayo kifungu chake cha 8 kilirudisha uwezo unaofanana na ule, na tarehe 26 Machi 2020 Mahakama hiyohiyo ikakibatilisha nacho. Hata hivyo, Julai 2024 polisi walitangaza kwamba matembezi ya vijana kuelekea Bungeni kupinga ufisadi hayaruhusiwi, na makumi ya watu wakakamatwa. Umbali kati ya hukumu na barabara bado ni mrefu.

Kinachotakiwa kwa mwandaaji ni kutoa taarifa. Sheria ya 2013 ilitaka taarifa ya maandishi, isiyopungua siku tatu kabla, yenye jina na mawasiliano ya mwandaaji, tarehe, mahali, lengo na makadirio ya idadi ya watu. Taarifa hiyo inakusudiwa kuwapa polisi nafasi ya kupanga magari yatapita wapi na kuwalinda waandamanaji.

Sharti la amani linastahili kuelezwa kwa mfano wa msitu wa hifadhi wa Mabira. Mwaka 2007 Serikali ilikusudia kutoa takriban hekta 7,100 za msitu huo, kama robo yake, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili zilimwe miwa. Watu walipinga kwa njia nyingi: ujumbe wa simu ulisambazwa ukihimiza kususia sukari ya Lugazi, na Mengo, yaani utawala wa ufalme wa Buganda, ikajitolea kutoa ardhi mbadala. Maandamano ya tarehe 12 Aprili yakageuka. Mhindi mmoja asiye na kosa alipigwa mawe hadi kufa, na wengine wakauawa katika vurugu hizo. Mpango uliwekwa kando mwaka huo, lakini kundi lililomwinda mtu kwa rangi yake lilikuwa limekwisha kutoka nje ya haki hii, hata kama bango lilizungumzia miti.

Hata hivyo, kosa la wachache halifuti haki ya waliobaki watulivu. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikiufafanua Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ambao Uganda iliuridhia mwaka 1995, ilieleza kwamba vurugu za mtu mmoja mmoja haziyafanyi maandamano yote kuwa ya vurugu, na kwamba kuzuia magari kupita au kusukumana si vurugu peke yake. Amani, kwa maana hiyo, haidai ukimya wala adabu ya barazani. Huko Apaa, kaskazini, mwaka 2015 akina mama wazee walivua nguo mbele ya mawaziri waliofika kuweka mipaka ya ardhi yao. Waliona haya wengi, lakini hakuumizwa mtu kwa kitendo hicho.

Kwa Wakongomani na Warundi wanaoishi Nsambya jijini Kampala au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, izingatiwe kwamba Ibara ya 29 inasema kila mtu, ila Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamzuia mkimbizi kushiriki shughuli za kisiasa, hivyo ni vema kupata ushauri wa wakili mapema.

Haki hii ikivunjwa, Ibara ya 50 inamruhusu mtu au shirika lolote kwenda mahakamani, hata kwa niaba ya wengine, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inaruhusu afisa wa umma kuwajibishwa yeye binafsi. Hapo ndipo nakala ya barua ya taarifa, iliyogongwa muhuri wa kituo cha polisi wenye tarehe, huwa kielelezo cha kwanza ambacho wakili atakiuliza.