Chembe Zinazong'aa Chini ya Chupa ya Mvinyo

Mara kwa mara tunaletewa maabara chupa ya mvinyo mweupe iliyotoka kwenye friji, chini yake kukiwa na chembe zinazong'aa. Aliyeileta huwa na hofu kwamba ni kioo, au kwamba mtengenezaji ametia kemikali. Simlaumu. Kwa macho, chembe hizo hazitofautiani na chenga za kioo. Karibu kila mara, hata hivyo, ni chumvi ya zabibu zenyewe.

Zabibu ina asidi ya tartari, ileile inayoupa ukwaju uchachu wake. Mzabibu nao hufyonza potasiamu ardhini na kuiweka kwenye tunda. Viwili hivyo huungana kuwa potasiamu baitatreti. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 huyeyusha takriban gramu 5.7 za chumvi hiyo, lakini zabibu zikishachachuka na kutoa alkoholi, kiasi kinachoweza kuyeyuka hushuka hadi karibu nusu. Baridi hukipunguza zaidi.

Mvinyo basi hubaki umebeba chumvi kuliko uwezo wake, na bado unaweza kukaa miezi bila kutoa fuwele (chembe zile zinazong'aa) hata moja, kwa sababu fuwele huhitaji mahali pa kuanzia. Anayepika shira ya kaimati analijua hili: punje moja ya sukari ikibaki ukingoni mwa sufuria, shira nzima huweza kuganda chengachenga. Watengenezaji huitumia tabia hiyohiyo. Huupoza mvinyo hadi karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, wakatia unga laini wa chumvi ileile, kama gramu 4 kwa lita, na kuukoroga. Kazi ya wiki kadhaa huisha kwa saa chache. Lazima uchujwe ungali baridi, la sivyo fuwele zitayeyuka tena.

Nawasihi watengenezaji wadogo, wa Dodoma wakiwemo, wapime pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka asidi inapozidi na kupanda inapopungua, kabla ya kupoza. Fuwele zikitoka katika mvinyo wenye pH chini ya 3.6 hivi, pH hushuka. Ikiwa juu ya 3.7, hupanda, na mvinyo huwa rahisi kuharibiwa na bakteria. Zabibu za nchi za joto hupoteza asidi upesi zinapoiva, kwa hiyo hatari hii si ya vitabuni tu.

Nyumbani, chuja mvinyo kwa kitambaa safi, kisha tia chembe kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka na ukoroge. Maji ya moto huyeyusha chumvi hii karibu mara kumi kuliko maji ya kawaida. Zikiyeyuka zote, mvinyo hauna kasoro. Zikibaki, huenda ni chumvi ya kalsiamu, ambayo huyeyuka kwa shida hata kwenye maji ya moto, lakini pia huenda ni kioo. Usizitafune kujaribu. Usiunywe mvinyo huo. Irudishe chupa ulikoinunua.