Samaki Wanaogelea, Lakini Maji Yana Umeme

Wafugaji wa samaki wa nyumbani hutueleza kwamba wakitia mkono kwenye tangi vidole vinawachoma, hasa penye mchubuko. Kisha huuliza: mbona samaki hawajafa? Swali hilo ndilo linalotutia hofu, kwa kuwa wengi huishia kuwaamini samaki kuliko vidole vyao wenyewe.

Samaki hana njia ya kuufikisha umeme ardhini. Kioo kimemtenga na sakafu, sawa na ndege aliyetua kwenye waya mmoja wa nguzo. Wewe ukisimama pekupeku na kuzamisha mkono, mwili wako ndio unaokuwa njia. Miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, utaihisi. Zikifika kama 10, misuli hukaza hata ukashindwa kuutoa mkono. Zikizidi 30 na kuendelea kupita, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Sakiti breka ya ampea 10 haitakuokoa hapo, maana inangoja umeme ulio mkubwa mara mamia kuliko huo. Imewekwa ili nyaya zisiungue.

Kinachomlinda mtu ni swichi inayokata umeme unaovuja, ile iliyoandikwa RCD, yenye kitufe cha kujaribia. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata mara moja. Bonyeza kitufe hicho kila mwezi. Isipokata, ibadilishwe. Wapo wanaotumbukiza majini chuma kilichoungwa na waya wa ardhi wakidhani kinatosha. Bila RCD, umeme unaweza kuvuja kupitia maji usiku na mchana bila mtu kujua, na samaki nao sasa wamo njiani.

Kifaa cha kutiliwa shaka kwanza ni hita, ile inayopasha maji joto. Kioo chake hupasuka kikiwa cha moto kikakutana na maji ya baridi, na hilo hutokea sana wakati wa kubadilisha maji: kina kinashuka, hita inabaki wazi ikiwa bado inawaka, kisha maji mapya yanamwagwa juu yake. Chomoa hita, subiri nusu saa, ndipo upunguze maji. Ukiona unyevunyevu ndani ya kioo, au ufa mwembamba kama unywele, itupe. Tafadhali usiizibe kwa gundi. Hita pia huweza kung'ang'ania kuwaka hata maji yakishapata joto lililokusudiwa, kwa hiyo weka kipimajoto kilicho mbali nayo.

Pampu za ndani ya maji kagua pale waya unapoingia kwenye mwili wake, maana ganda hupasuka hapo. Kwenye tangi la maji ya chumvi, futa ukoko mweupe unaotambaa kwenye nyaya na taa; ukishika unyevu hupitisha umeme. Kila waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili matone yadondoke kwenye mpindo huo. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya tangi.

Ukishahisi mchomo, usichomoe plagi kwa mkono uliolowa. Kausha mikono kwanza, zima swichi kuu ya nyumba, ndipo uchomoe vifaa vyote na kumwita fundi umeme avipime kimoja kimoja. Samaki watavumilia saa chache bila pampu.