Wacheni kuchemsha kila mbegu, jameni

Wiki hii tena mtu amenitumia picha ya mbegu za avokado kwa sufuria, maji yanatokota, ananiuliza azichemshe dakika ngapi. Sufuri. Tangu serikali itangaze ile hesabu ya miti bilioni 15 ifikapo 2032, tukapewa mpaka holidei ya kupanda miti Novemba 13, 2023, kila grupu ya WhatsApp hapa Nairobi ina mtaalamu wake na wote dawa yao ni moja, maji moto. Grevilia, maji moto. Mwembe, maji moto. Kwani tunapika githeri?

Maji moto yana kazi moja tu, kufungua ganda lenye halipitishi maji. Ganda kama hilo utalipata sanasana kwa jamii ya kunde: akasia nyingi, kaliandra, lusina. Mbegu kavu ya akasia unaweza kuiloweka kwa maji baridi siku kadhaa na itoke vile iliingia, ukiidondosha kwa sahani inalia. Porini hufunguliwa na moto, ama tumbo la mnyama, ama miaka tu.

Na hata hizo HAZICHEMSHWI. Hapa ndio watu huniudhi. Unachemsha maji, unazima gesi, unatoa sufuria, ndio unamwagia mbegu zako, kikombe kimoja cha mbegu kwa kama vikombe vitano vya maji, halafu unawacha yapoe yenyewe mpaka asubuhi. Ukiziweka jikoni zikitokota unaua kiini, na kiini ndio mti. Asubuhi angalia: yenye imeshika maji imefura, imekuwa karibu mara mbili, ukiibonyeza inateleza. Hiyo ipandwe siku hiyohiyo, usiianike tena eti ikauke kidogo. Yenye imebaki ndogo na ngumu usiitupe, chukua kikata kucha umegue ganda kidogo tu, upande wa mbali na pale ilikuwa imeshikana na tunda, kwa sababu mzizi hutokea karibu na hapo, kisha uloweke tena kwa maji baridi.

Sasa ukweli wenye vitabu havipendi kusema: hata ukifanya hivyo vizuri, kwa kikombe kimoja kuna zenye zitaungua na zenye hazitafunguka. Mbegu mbichi za msimu huu ganda lake mara nyingi bado laini na maji moto yanaweza kuziharibu, za zamani zinayahitaji. Sisi wa nasari pia tunakisia. Ndio maana mimi hujaribu kiganja kimoja kwanza, na mtu akikuambia ana dakika kamili za kila mti, mpishe.

Zingine haraka. Avokado: osha, usiiwache ikauke, panda upande mnene chini, ncha ichungulie juu ya udongo, ngoja mwezi ama zaidi. (Ukitaka ile aina ya Hass itabidi ugrafti, yaani uunganishe kijiti cha Hass kwa mche wako, mbegu peke yake haikupi Hass.) Embe: fungua lile ganda la nyuzinyuzi kwa uangalifu, utoe mbegu ya ndani, panda hiyo. Mwiri (Prunus africana): osha nyama ya tunda, panda ikiwa fresh, ukiianika juu ya mabati umeimaliza. Grevilia: ni kambegu kepesi kenye bawa, nyunyiza juu ya mchanga uliochekechwa, funika kidogo sana, mwagilia na keni yenye matundu madogo, na usiiweke mwaka mzima kwa droo, inapoteza nguvu.

Na ule ushauri wa kutia mbegu kwa maji na kutupa kila inayoelea? Kwa grevilia ni upuzi, zile ni nyepesi, zitaelea hata zikiwa nzima.

Kama hujui mbegu yako ni ya kundi gani, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, wanauza mbegu na watakuambia zinatayarishwaje. Ukifika uulize zilivunwa lini, kabla hujauliza bei.