Wapolandi na Wajerumani: uhasama uliotungiwa sheria

Siku Polandi inapocheza na Ujerumani, hukosi kumsikia mtangazaji akisema hawa ni mahasimu wa miaka elfu moja. Sisi tunaofundisha historia ya Ulaya hesabu hiyo hatuikubali. Miaka ambayo mataifa haya mawili yalichukiana kama mataifa haifiki hata mia mbili, na sehemu kubwa ya chuki hiyo ina tarehe, ina sheria na ina ofisi iliyoisimamia.

Vita vinavyotajwa kila mara ni vya Julai 15, 1410, karibu na kijiji cha Grunwald. Mfalme Władysław Jagiełło wa Polandi, akiwa na binamu yake Vytautas wa Lithuania, aliwachakaza Watawa wa Teutoni, shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani. Mkuu wao, Ulrich von Jungingen, alifia uwanjani. Watawa hao hawakujileta wenyewe: waliitwa mwaka 1226 na mtawala wa Kipolandi, Konrad wa Mazovia, wamsaidie kupigana na Waprussia wapagani, wenyeji wa pwani ya Baltiki. Mgeni akageuka mwenye nyumba.

Kilichofuata baada ya Grunwald hutajwa kwa nadra, nacho ndicho kinachonivutia zaidi. Mwaka 1454 miji ya Prussia, Gdańsk ikiwemo, ambako wafanyabiashara wakubwa walizungumza Kijerumani, iliwaasi watawa hao na kumwomba mfalme wa Polandi aitawale. Walichoka kodi na amri, na walijua mfalme angewaachia biashara yao. Vita vilichukua miaka 13, kisha Gdańsk ikakaa chini ya taji la Polandi kwa zaidi ya miaka 300, ikisema Kijerumani chake bila bughudha. Mwaka 1683 mfalme wa Polandi, Jan Sobieski, alipigana bega kwa bega na majeshi ya Kijerumani kuinusuru Vienna dhidi ya Waturuki. Mwaka 1697 mtawala wa Saxony, Mjerumani, akachaguliwa kuwa mfalme wa Polandi.

Mambo yaliharibika pale Prussia, ambayo sasa ilikuwa dola ya Kijerumani, pamoja na Urusi na Austria zilipoigawana Polandi mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, hadi ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123. Hata hapo, mwaka 1832 huko Hambach, Ujerumani, Wajerumani waliodai uhuru wao walipeperusha bendera ya Polandi pamoja na yao. Uhasama ulikuwa bado haujafika mlangoni kwa mtu wa kawaida.

Aliyeufikisha ni Bismarck, chansela wa Ujerumani. Msomaji wa Tanzania anaujua mwaka 1885: Februari ya mwaka huo Berlin ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, kwa mikataba aliyoipata Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Mwaka huohuo, dola hiyohiyo ilianza kuwafukuza kutoka Prussia Wapolandi na Wayahudi wasio na uraia wake, zaidi ya watu 25,000. Mwaka uliofuata ikaundwa Tume ya Makazi, ikapewa marki milioni 100 za kununua mashamba ya Wapolandi na kuwagawia walowezi wa Kijerumani.

Wapolandi hawakushika bunduki. Walianzisha benki za ushirika, ambazo leo tungeziita SACCOS, zikiongozwa na watu kama padri Piotr Wawrzyniak, wakawa wanakopeshana na kununua ardhi kwa ushindani na Tume. Bei ya shamba ikapaa, na waliofaidika zaidi wakati mwingine walikuwa wauzaji wa Kijerumani. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Tume ilikuwa imeweka familia 22,000 hivi, pungufu mno ya lengo lake.

Mwaka 1904 ikaja sheria ya kuzuia ujenzi kwenye viwanja vipya bila kibali, na Mpolandi alinyimwa kibali. Mkulima Michał Drzymała, wa kijiji cha Podgradowice, alinunua kiwanja akakataliwa kujenga. Akanunua gari kuukuu la sarakasi, la kukokotwa na farasi, akahamia humo na familia yake. Inasimuliwa kwamba kila siku alilisogeza kidogo ili lisihesabiwe kuwa nyumba. Maofisa walimwandama kwa faini na kanuni juu ya kanuni, na mwishowe ikambidi aachane na kiwanja hicho, lakini magazeti ya nchi nyingi yalikwisha kuicheka Prussia. Kule mji wa Września, mwaka 1901, watoto waligoma kujibu somo la dini kwa Kijerumani wakachapwa viboko. Wazazi waliokwenda kulalamika wakafungwa jela.

Ni katika miaka hiyo ambapo Grunwald ilifufuliwa. Mwaka 1910 Wapolandi walisimamisha mnara wa ushindi huo mjini Kraków. Agosti 1914 Wajerumani waliwashinda Warusi, wakayaita mapigano hayo Tannenberg, jina wanalotumia kwa vita vya 1410, ili ionekane wamelipa kisasi. Baada ya kuingia Kraków mwaka 1939, waliubomoa mnara. Ulijengwa upya mwaka 1976.

Ya 1939 hadi 1945 yanajulikana zaidi: raia wa Polandi takriban milioni 6 waliuawa, karibu nusu yao Wayahudi, na Warsaw ikabaki kifusi. Niongeze jambo moja kwa wanaoyajua makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi pale Tengeru, Arusha. Wakimbizi wale hawakufukuzwa na Wajerumani. Walipelekwa Siberia na Asia ya Kati na Wasovieti, waliokuwa wamegawana Polandi na Hitler. Vita vilipokwisha mpaka ukasogezwa magharibi hadi mito Oder na Neisse, mamilioni ya Wajerumani wakaondolewa makwao, na mji wa Kijerumani wa Breslau ukawa Wrocław ya Polandi.

Upatanisho ulianzia kanisani. Novemba 1965 maaskofu wa Polandi waliwaandikia wenzao wa Ujerumani kwamba wanasamehe na wanaomba msamaha. Serikali ya kikomunisti ilikasirika, na waumini wengi nao hawakufurahi. Desemba 1970 Chansela wa Ujerumani Magharibi, Willy Brandt, alipiga magoti Warsaw, mbele ya mnara wa mashujaa wa ghetto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Tangu 1972 wanahistoria wa pande zote mbili wanakaa pamoja kupitia vitabu vya shule, na mwaka 1990 Ujerumani iliyoungana ikatia saini mkataba wa kuuthibitisha mpaka.

Deni ndilo halijaisha. Mwaka 2022 serikali ya Warsaw ilidai fidia ya zloti trilioni 6.2. Berlin ikajibu kwamba Polandi iliachana na madai hayo mwaka 1953. Warsaw ikasema uamuzi wa 1953 ulikuwa wa Moscow. Serikali ya Donald Tusk, iliyoingia Desemba 2023, imeelekeza mazungumzo zaidi kwenye msaada kwa wahanga walio hai, na mdogo kabisa kati yao ameshapita miaka 80.