Dhana potofu kuhusu nchi za Kaskazini mwa Ulaya

Uswidi, Norwei, Denmark, Ufini na Iceland mara nyingi hutiwa katika kapu moja, zikaitwa zote Skandinavia na kudhaniwa kuwa zimetajirishwa na mafuta. Skandinavia, kwa maana yake ya kawaida, ni Denmark, Norwei na Uswidi pekee. Ufini ilitawaliwa na Uswidi hadi mwaka 1809, kisha na Urusi hadi ilipojitangazia uhuru mwaka 1917, na lugha yake ina undugu na Kiestonia, si na Kiswidi.

Utajiri wa mafuta ni habari ya Norwei hasa, ambako eneo kubwa la Ekofisk liligunduliwa mwaka 1969 chini ya Bahari ya Kaskazini. Uswidi ilijijenga kwa chuma, misitu na viwanda. Iceland kwa samaki.

Dhana inayosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kwamba kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo bahari inavyozidi kuganda. Chuma cha Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, kinaweza kusafirishwa kupitia Luleå, bandari ya Uswidi yenyewe, lakini maji ya Ghuba ya Bothnia, ilipo bandari hiyo, yana chumvi kidogo na huganda wakati wa baridi. Narvik, iliyoko Norwei na kaskazini zaidi ya Luleå, haigandi, kwa sababu mkondo wa maji yenye joto kutoka Atlantiki hupita katika pwani ile. Ndiyo maana ilijengwa reli ya kuvuka mpaka, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1903, na ndiyo maana Ujerumani, ambayo viwanda vyake vya silaha vilitegemea chuma hicho, iliivamia Narvik mwezi Aprili 1940.

Wapo pia wanaoamini kwamba mataifa haya hayakuwahi kuwa na makoloni, imani ambayo msomaji wa Kiafrika hapaswi kuipokea kirahisi. Wadenmark walikuwa na ngome ya Christiansborg mjini Accra hadi walipowauzia Waingereza mwaka 1850, na watumwa kutoka pwani hiyo walipelekwa kulima miwa katika visiwa vya Denmark vya Karibi. Sheria ya kukomesha biashara hiyo ilitolewa mwaka 1792 ikaanza kutumika mwaka 1803, lakini watumwa wenyewe hawakuachwa huru hadi mwaka 1848, na visiwa vikauzwa kwa Marekani mwaka 1917.