Baruti katika masanduku ya chai: magendo ya silaha ya Sint Eustatius

Katika karne ya 18, haikutosha manowari kuikamata merikebu ya biashara iliyoshukiwa kubeba silaha. Hati zilisomwa, shehena ikakaguliwa, kisha chombo kikapelekwa mbele ya mahakama ya ngawira, ambayo ndiyo iliyoamua iwapo kiuzwe na fedha zigawiwe kwa maofisa na mabaharia waliokikamata, au kirudishwe kwa mwenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1674, Waholanzi waliruhusiwa na Uingereza kubeba bidhaa hata za maadui wake, isipokuwa zana za vita.

Ugumu ulikuwa hapo penye zana za vita. Makoloni ya Uingereza huko Marekani yalipoasi mwaka 1775, baruti ya Ulaya ilimiminika Sint Eustatius, kisiwa kidogo cha Waholanzi katika Bahari ya Karibi chenye bandari huru, yaani isiyotoza ushuru. Huko ilinunuliwa kwa bei ya juu na kupakiwa katika vyombo vidogo vyenye mbio, pengine ikiwa imefichwa katika masanduku ya chai au mapipa ya mchele. Tarehe 16 Novemba 1776, ngome ya kisiwa hicho iliijibu kwa mizinga ya heshima meli ya waasi, Andrew Doria. London ilikasirika sana, ingawa nadhani iliyowaumiza zaidi ni ile baruti.

Kuvifukuzia vyombo hivyo kimoja kimoja hakukuzaa matunda ya kutosha, na Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Uholanzi Desemba 1780, iliamua kuiendea bandari yenyewe. Admirali George Rodney aliitwaa tarehe 3 Februari 1781, pamoja na merikebu zaidi ya 100 zilizotia nanga, kisha akaiacha bendera ya Uholanzi ikipepea ili wageni wasiojua waendelee kuingia mtegoni.

Kosa lake lilikuwa kutaifisha kila kitu bila kubagua, hata mali ya wafanyabiashara Waingereza, na kukawia kisiwani akisimamia mnada huku kundi la manowari za Ufaransa, chini ya Admirali de Grasse, likivuka Atlantiki. Nyingi ya merikebu zilizobeba ngawira kwenda Uingereza zilinaswa na Wafaransa Mei 1781, na Novemba mwaka huohuo kisiwa chenyewe kikachukuliwa nao. Wafanyabiashara walionyang'anywa mali walimshtaki Rodney, na kesi hizo zilimwandama kwa miaka mingi.