Kuhifadhi mafaili kwenye iPod: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

iPod, kicheza muziki cha mkononi cha Apple, ilitoka kwa mara ya kwanza 2001 ikiwa na diski ya GB 5. Mpaka leo wapo wanaobebea humo picha, barua na hati za kazi, na inafaa kabisa. Zinazoponza ni imani hizi.

"iPod yoyote inapokea mafaili." Hapana. Aina zinazofanya kazi kama diski ya nje ni classic, mini, nano na shuffle. iPod touch haina njia hiyo. Chomeka iPod, fungua iTunes, programu ya Apple ya kuisimamia (au Finder kwenye Mac za sasa), ichague, kisha weka tiki penye ruhusa ya kuitumia kama diski.

"Nikiburuta wimbo ndani, utapigika." Utakaa humo kama faili tu. iPod hupiga kilichoandikwa kwenye orodha yake yenyewe, na nyimbo zake zimo kwenye folda iliyofichwa iitwayo iPod_Control, zikiwa zimepewa majina mapya yasiyosomeka. Usiifute folda hiyo ukitafuta nafasi. Kwenye classic, weka faili ya .txt ndani ya folda ya Notes nawe utaisoma kwenye kioo, mradi isizidi KB 4.

"Itafunguka kwenye kompyuta yoyote." Hapa ndipo wengi hupoteza kazi zao. iPod iliyoandaliwa kwenye Mac hutumia mfumo wa kupanga mafaili uitwao HFS+, ambao Windows haiusomi. Windows itakuuliza kama uifomati. Ukikubali, kila kitu kimefutika. Iliyoandaliwa kwenye Windows hutumia FAT32, na Mac huisoma bila shida, kwa hiyo mwenye kompyuta za aina zote mbili aianzishe kwenye Windows. FAT32 nayo ina kikomo: haipokei faili moja inayofika GB 4. Video ndefu ya harusi itagoma hata kama GB 100 ziko wazi, ikate vipande.

"Kusawazisha nyimbo kutayafuta mafaili yangu." Hakuyagusi. Kinachofuta ni kuirejesha iPod katika hali ya kiwandani, kwani hatua hiyo huifomati upya.

"Ni yangu, siri zangu ziko salama." Mafaili hukaa wazi, bila kusimbwa. Nakala ya pasipoti au taarifa ya benki ifunge kwanza kwa nywila ukitumia programu ya 7-Zip.

"Kilichomo humo kimeshahifadhiwa." Classic ina diski inayozunguka, ya inchi 1.8, na ikianguka huku inafanya kazi diski inaweza kuharibika. Ukisikia inagonga-gonga ndani, nakili mafaili saa hiyo hiyo, yasiyo na nakala kwingine yakitangulia. Kuchomoa kebo kabla ya kuiamuru kompyuta iiachie iPod (Eject) ni hatari nyingine: faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu, na pengine orodha nzima ya folda ikavurugika. Bonyeza Eject kwanza, subiri onyo la kutochomoa lipotee kwenye kioo, ndipo uchomoe.

"Kompyuta isipoiona, imekufa." Si lazima. Kwenye classic, bonyeza kwa pamoja Menu na kitufe cha katikati mpaka nembo ya Apple itokee, kama sekunde 8. Papo hapo hamia kitufe cha katikati pamoja na cha kucheza, uvishikilie mpaka kioo kionyeshe hali ya diski. Ikifunguka, toa mafaili yako kwanza; kuirejesha kiwandani kuje baadaye.